Mbegu za Amedeus

Afisa kutoka wilayani alipomaliza kusoma uamuzi, ukumbi mzima ulisimama ukapiga makofi, na Shamsia naye akasimama akapiga makofi. Alipiga kwa adabu, kama mtu anavyopiga kwenye harusi ya mtoto wa jirani wa mbali. Mbele yake palikuwa na sahani ya karanga na chupa ya maji ambayo haijafunguliwa. Macho yake yalikuwa kwenye ile chupa. Alikuwa akijiuliza kama aichukue aende nayo nyumbani.

Uamuzi wenyewe ulikuwa huu: Mwamba Kikale, ulio mbele ya vijiji vitatu kaskazini ya mji wa Bagamoyo, sasa uko mikononi mwa wanavijiji. Wao ndio watakaoufunga pweza wakizaliana, na wao ndio watakaoufungua wakishakua. Meli kubwa zinazokokota nyavu hazitausogelea tena. Sheria ndogo walizozibishania kwa misimu na misimu, wakati mwingine hadi watu kususiana salamu, zimekubaliwa kama zilivyo. Jambo hilo Shamsia alikuwa amelihangaikia kwa zaidi ya miaka kumi. Kwa ajili yake aliwahi kulala mahabusu, aliwahi kupigiwa simu na watu wasiojitaja, na mumewe alimwambia achague bahari au yeye. Akachagua. Mume akaenda zake Pangani, akaoa huko.

Kina mama walipiga vigelegele. Chausiku, mwenyekiti wao, mwanamke mnene mwenye sauti iliyokomaa mnadani, alimkumbatia Shamsia kwa nguvu hata mtandio ukamvuka.

"Shoga, tumeshinda! Shamsia, tumeshinda!"

"Tumeshinda," Shamsia akasema.

Chausiku akamtazama. "Mbona umepoa hivyo?"

"Nimechoka tu. Kelele."

Nje alikuwa anamngoja binti mmoja aitwaye Linda, anayefanya kazi kwa wafadhili Dar es Salaam. Alikuja na mpiga picha.

"Shikamoo mama."

"Marahaba, mwanangu."

"Hongera sana, mama. Tunaomba muda wako kidogo tu. Utuambie unajisikiaje leo."

Shamsia akasimama pale alipoonyeshwa, jua likimpiga usoni. Akasema ana furaha isiyo kifani, kwamba hii ni siku kubwa kwa wavuvi wadogo na kwa kila mtu anayetaka kujichagulia mwenyewe chakula kinachoingia chunguni mwake. Maneno yalitoka yamejipanga, kila moja mahali pake. Mpiga picha akamnong'oneza Linda jambo. Linda akatabasamu kwa haya.

"Samahani mama, upepo umeingia kwenye sauti. Tunaweza kurudia? Na safari hii, kama hutojali, kwa hisia kidogo zaidi."

Akarudia. Hisia alijua zinawekwa wapi. Alipofika kwenye "wajukuu zetu" alishusha sauti, na alipofika kwenye "bahari yetu" aliweka mkono kifuani. Alipomaliza, Linda alikuwa anafuta machozi kwa ncha ya kidole ili wanja usiharibike. Shamsia alimtazama yule binti akilia, akamwonea wivu.

Njiani kurudi nyumbani alijipapasa rohoni, kama mtu anavyolipapasa kwa ulimi jino lililochomwa sindano ya ganzi. Alijua kitu kipo, ila hakukihisi. Akapika chai, akaisahau jikoni. Binti yake Swaumu akampigia kutoka Dar, akipiga kelele za furaha kwamba amemwona kwenye simu ya kila mtu. Shamsia akamshukuru, akamuuliza kama amekula.

Hakuwa hivi zamani. Baba yake, mzee Alawi, alikuwa mfanyabiashara wa ng'onda na papa mkavu, akampeleka kusoma uvuvi Mbegani wakati ambapo watu wa mjini walimcheka: msichana na mashua wapi na wapi? Siku moja wakiwa mafunzoni walikuta bahari imetapakaa samaki wadogo wanaoelea matumbo juu. Watu walikuwa wametoka kupiga baruti. Walimu waliguna wakageuza mashua, lakini Shamsia alitukana, akatukana matusi ambayo binti wa mzee Alawi hakutakiwa hata kuyajua. Hasira ile ndiyo iliyomlea. Ilimtoa kwenye baruti ikampeleka kwenye makokoro, ikamtoa kwenye makokoro ikampeleka kwenye meli za kuvua kamba, na kila alipotaka kukaa chini ilimwinua.

Kisha akakutana na Amedeus. Ilikuwa kwenye semina Morogoro, wakapangwa meza moja kwa makosa. Yeye alikuwa mkulima wa Ubena ya kule Chalinze, katekista, mtu mfupi mwenye kucheka kwa mabega. Alizunguka vijijini akiwaomba vikongwe wa Kikwere mbegu ambazo hazikuwa zikipandwa tena, kunde za aina hii, mahindi ya rangi ile, na kila alizopewa alizigawa kwa wengine. "Dada, mimi hata kuogelea sijui," alimwambia siku ya kwanza, "lakini nikikusikiliza naona tunasema jambo moja. Wewe kitoweo, mimi ugali. Tukigombana watu watalala njaa." Kutoka meza ile ukazaliwa Mtandao wa Mbegu na Nyavu, na kwa miaka yote iliyofuata, Shamsia aliposimama kwenye mkutano wowote, Amedeus alikuwa ameketi safu ya mbele akitikisa kichwa kana kwamba ndiyo kwanza anayasikia.

Amedeus alikufa kabla ya mvua za mwaka jana. Alianguka uani pa kanisa akiwa amebeba viti baada ya harusi. Presha, wakasema. Shamsia ndiye aliyetafuta gari, aliyezungumza na hospitali, aliyepanga wageni, aliyesoma wasifu. Hakulia. Alidhani machozi yatakuja baadaye, mambo yakitulia. Mambo yakatulia, hayakuja.

Wiki ya pili baada ya ushindi, kamati ya Mtandao ilikaa. Mwamba umepatikana, wakasema, sasa tugeukie mbegu. Za Amedeus zilikuwa bado nyumbani kwake, kwenye chupa zake, na ingefaa zipandwe masika haya zizae zaidi. Nani atakwenda kuzichukua? Wote wakamtazama Shamsia. Tangu mazishi hakuwa ameikanyaga nyumba ile, na simu alipiga mara chache. Akasema atakwenda. Ilikuwa rahisi kwake siku hizi kusema atakwenda popote.

Akabadilisha basi Chalinze, na jua lilipokaa katikati alikuwa Ubena. Blandina, mjane wa Amedeus, alikuwa mwanamke mrefu mwenye maneno machache. Alimwita Shamsia wifi tangu siku ile mumewe alipomleta nyumbani akasema, "Huyu ni dada yangu, nimempata ukubwani."

"Karibu wifi. Umekonda."

"Ahsante wifi. Pole na upweke."

"Nimezoea," Blandina akasema, kisha akafikiri. "Hapana. Sijazoea."

Akatandika mkeka barazani, akaleta maji ya kunawa, akaweka chakula. Kabla ya kufunua bakuli alisita.

"Nina aibu. Ningemwita Twalib wa pale barabarani aje akuchinjie kuku, lakini kuku wangu wote wamekwisha kwa kideri. Nimepata hawa tu, Chalinze."

Walikuwa vibua wawili wa kukaanga, wale wanaovuliwa huko ng'ambo, wakagandishwa, wakapakiwa kwenye maboksi, wakavushwa bahari. Shamsia aliwatambua mara moja. Alikuwa na hotuba nzima juu ya samaki hawa. Aliwahi kuitoa mbele ya mawaziri: vipi mtu anayekaa mwendo wa saa chache tu kutoka pwani ale samaki aliyevuliwa upande wa pili wa dunia? Na sasa walikuwa hapa, ndani ya nyumba ya Amedeus, pembeni ya ugali wa sembe ya dukani.

"Bismillahi," akasema, akamega tonge. Samaki alikuwa na ladha ya chumvi na mafuta. "Amekaangwa vizuri."

"Dagaa wa kwenu hawafiki huku," Blandina akasema. "Wakifika hatuwawezi bei."

Walipomaliza kula, Shamsia akaeleza alichotumwa. Blandina akakusanya vyombo, akavipeleka uani, akakaa huko muda mrefu kuliko vyombo vilivyohitaji. Aliporudi alikuwa amejifuta mikono hadi imekauka kabisa.

"Njoo," akasema.

Chumba kilikuwa cha Amedeus, kitanda kimoja, meza, na ukutani rafu aliyoigonga mwenyewe. Shamsia aliijua rafu hiyo. Aliipiga picha mara kadhaa kwa ajili ya ripoti. Chupa zilikuwepo zote, zile za maji na zile za soda, zimepangwa kwa ukubwa. Zilikuwa safi na vizibo vyake vimefungwa. Hazikuwa na kitu.

"Nimezila," Blandina akasema.

Shamsia akageuka kumtazama.

"Vuli hazikunyesha, wifi, unajua. Tulipanda tukapanda tena. Ilipofika mwezi wa pili ndani hakukuwa na kitu, na wajukuu ninao hapa, wale wa mwanangu marehemu Anold. Nilianza na kunde. Nikasema nimeazima, nitarudisha nikivuna. Kisha choroko. Kisha yale mahindi mekundu. Kila siku nikimimina naziosha majivu aliyozichanganyia zisiliwe na wadudu, najiambia kesho nitampigia wifi. Sikupiga. Chupa nikawa nazirudisha pale pale ili wageni wakija wasijue."

Alisema yote hayo akiwa amesimama wima, mikono mbele, kama mtoto aliyeitwa na mwalimu.

Shamsia akangoja. Alijua mbegu zile zimetoka wapi. Nyingine zilitoka kwa bibi mmoja tu, naye ameshazikwa. Alijua kwamba pengine hakuna mahali pengine duniani zilipo. Akangoja hasira ije. Haikuja. Akangoja huruma, maana mbele yake alisimama mjane aliyelisha watoto, na hiyo nayo haikuja. Ndani yake kulikuwa kimya, kama nyumba ambayo wenyewe wamesafiri.

"Yalikuwa matamu?" akauliza.

"Nini?"

"Yale mahindi mekundu. Kaka aliyasifu kwenye kila mkutano. Mimi sikuwahi kuyaonja. Kila mara ilikuwa ni ya mbegu, yasiguswe."

Blandina akaketi kitandani polepole. "Hata mimi sikuwahi kuyaonja," akasema. "Miaka yote ile ndani ya nyumba yangu. Nilipika makande, nikatia nazi iliyobaki. Wifi, matamu! Yanaiva upesi, yana mafuta yake yenyewe. Yule mdogo aliniuliza kama leo ni Krismasi." Akaanza kucheka, na katikati ya kicheko sauti ikamkatika, akalia. Shamsia akaketi pembeni yake, akampigapiga mgongoni. Juu ya bega la Blandina aliona zile chupa, na mwanga wa dirisha ukipita ndani yake.

Blandina alipotulia akajifuta kwa upande wa khanga.

"Wewe hulii?"

"Sijalia tangu siku ile. Sijui nina nini, wifi. Tumepewa mwamba, watu wanaruka, mimi najionea tu."

"Kwenye mazishi nilikuona unahesabu viti."

"Nilikuwa nahesabu viti."

"Nilikuchukia kidogo."

"Ungeniambia."

"Nimekuambia leo."

Kuku wa jirani aliingia mlangoni, akatazama, akatoka. Blandina akasema kwamba marehemu aligawa sana, huenda kuna mtu bado anazo kidogo. Polikarpo wa kule bondeni alipewa mahindi mawili mekundu, ingawa siku hizi analima mbegu za dukani. Angeulizia kanisani Jumapili. Shamsia akasema vizuri, ulizia. Hakumwambia kwamba hapana neno, wala hakumwambia kwamba amekosa. Alimsaidia kuosha vyombo, akaondoka na basi la jioni.

Kwenye kamati, katibu aitwaye Muhidini aliposikia alishika kichwa.

"Zimeliwa? Urithi wote ule?"

"Zimeliwa na watu waliokuwa na njaa, Muhidini. Andika hivyo."

"Siwezi kuandika hivyo kwenye taarifa."

"Basi usiandike," Shamsia akasema, akainuka kwenda kuswali adhuhuri. Aliswali rakaa zote bila kukosea, akakunja mswala, na hakukumbuka hata sura moja aliyoisoma.

Bamvua ilipofika, siku za maji kujaa na kupwa sana, Mwamba Kikale ukafunguliwa kwa mara ya kwanza chini ya sheria mpya. Maji yalikupwa hadi mbali, mwamba ukajitokeza mweusi, na watu wa vijiji vitatu wakashuka kwa vikundi, wanawake wengi kuliko wanaume, na fimbo zao za chuma na matenga. Mezani pa mizani walisimama wanakamati. Turubai lilikuwa limefungwa, vipaza sauti vimeletwa, na Chausiku alimjia Shamsia na kipaza sauti mkononi.

"Watu wanakungoja wewe. Sema neno, tuanze."

Shamsia akakitazama. Hotuba alikuwa nayo. Ilikuwa tayari mdomoni, na mahali pa kushusha sauti na mahali pa kuweka mkono kifuani.

"Sema wewe," akasema.

"Mimi? Mimi nitawatukana hawa."

"Watukane. Mwamba wao, na wewe ni wao."

Chausiku akaguna, akakipokea, akawaambia watu wasichukue pweza mdogo kuliko kipimo, wasigeuze mawe na kuyaacha yamepinduka, na yule aliyeiba mwezi uliopita anajijua na yeye anamjua. Watu wakacheka. Filimbi ikalia. Shamsia akavua viatu, akaomba fimbo kwa mama mmoja mzee aliyekuwa anakwenda kupumzika, akashuka majini.

Hakuwa amevua pweza tangu ujana wake. Alikwenda ameinama, akichungulia matundu, maji yakimfika magotini. Pembeni yake watu waliitana, mtu amepata, mtu amekosa, mtu amevutana na pweza mkubwa hadi akakaa chini kwenye maji na wenzake wakamzomea. Alipata mmoja, akamtoa kwa kumzungusha kama alivyofundishwa, akamtia tengani, akaendelea. Hakufikiri jambo lolote, wala hakujua amekwenda kwa muda gani.

"Shamsia! We mwanamke! Huoni damu?"

Chausiku alikuwa anamjia akiruka majiwe. Shamsia akatazama chini. Maji yaliyomzunguka mguu wa kushoto yalikuwa mekundu. Aliinua mguu: unyayo ulikuwa umepasuka kutoka kisigino hadi katikati, jiwe la mwamba limeukata kama kisu. Aliutazama kama mguu wa mtu mwingine.

"Sikuhisi," akasema.

"Hukuhisi vipi? Utumbo wa mguu uko nje, hukuhisi?" Chausiku akamshika kwapa, akamkokota hadi kwenye mchanga, akamketisha. Akauosha kwa maji safi, akachana ukanda kwenye khanga yake mwenyewe, akaufunga kwa nguvu. Muda wote huo alimfokea. Kwamba mtu mzima hatembei pekupeku mwambani. Kwamba ana mambo ya kufanya, maji yatajaa, yeye yuko hapa anafunga miguu ya watu. Kisha akamwangalia usoni.

"Una nini, mwenzangu? Si leo tu. Nakuona."

"Amedeus amekufa," Shamsia akasema.

"Najua amekufa. Tulikwenda wote kumzika. Nilikuwa nimekaa nyuma yako."

"Ndiyo. Lakini amekufa, Chausiku."

Chausiku alibaki amechuchumaa, ameushika ule mguu kwa mikono miwili. Mtu akamwita kutoka mizani. Kulikuwa na ugomvi, mtu amekataa kipimo. Akaitwa tena, akainuka.

"Kaa hapa. Usinyanyuke. Nikimaliza na hawa mabazazi nakuja kukupeleka zahanati."

Shamsia akakaa. Aliwaona watu wakirudi na matenga yao, akasikia uzito ukitajwa kwa sauti na watu wakiitikia. Pweza walikuwa wengi. Kila mtu alikuwa anasema hajaona wengi namna hii tangu utoto wake, hata waliokuwa bado watoto. Kina mama walimletea wake, yule mmoja, wakamcheka kwamba ameuza mguu kwa pweza mmoja.

Maji yalianza kurudi, na mguu ukaanza kuuma. Ulianza kwa mbali, kama mtu anayebisha hodi nyumba ya tatu, kisha ukapanda hadi gotini, ukawa unapiga pamoja na moyo. Akauma meno. Akatoa simu kwenye mfuko wa plastiki aliokuwa ameifungia, akampigia Blandina.

"Wifi, nimekuwekea pweza. Nitampa mtu wa basi la Chalinze kesho, umtume mjukuu akapokee. Umchemshe sana, usimharakishe."

"Ahsante wifi. Mbona sauti yako hivyo?"

"Mguu unaniuma."

"Umefanyaje?"

"Nimekatwa na jiwe. Unaniuma sana, Blandina," akasema, na machozi yakawa yanamtoka, akaendelea kusema vile vile mara ya tatu na ya nne, kwamba mguu unamuuma, na Blandina upande wa pili hakumkatiza, alisema tu, "Eeh, wifi. Eeh. Pole. Eeh," hadi Chausiku alipokuja na bodaboda kumchukua.